Ndimu na Makala kwa Meno ya Umulisa

Lushebere, tarehe 9 Juni

Kwako dada yangu mpendwa Dancille,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Omate, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la machimbo kimekuachilia. Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Viazi vimetoka vizuri na mvua haijatukosea. Binti yako Umulisa naye ni mzima, isipokuwa kinywa, na ni habari ya kinywa hicho inayonifanya nikuandikie.

Unajua meno yetu. Maji ya chemchemi ya kule mlimani yaliyatia rangi ya kahawia tungali watoto, na hakuna aliyeona haya mpaka simu zilipofika. Tangu Ntwari wa Kitshanga aanze kumtaka, Umulisa akawa anajifunika mdomo kwa kiganja. Katika simu yake kila siku kuna mtu mwenye meno ya sahani anayefundisha dawa za asili za kuyang'arisha. Asili! Watu wameshika neno hilo kama sakramenti. Upupu nao ni wa asili, mbona hawajipaki?

Mwishowe alikuja kuniuliza mimi, kwa kuwa ndimi mwenye vitabu nyumbani. Nilimwambia asage makala, yale makaa ya jikoni, achanganye na chumvi na maji ya ndimu, asugue asubuhi na jioni. Alifanya hivyo wiki sita. Alisugua mpaka ufizi ukatoa damu, nami nikamsifu kwa uvumilivu.

Siku ya posa, Kayitesi, mama ya Ntwari, alileta maziwa ya ng'ombe wao, yaliyolala kwenye baridi ya mlima. Desturi yao unaijua: binti hupokea inkongoro, kile chombo cha mti cha maziwa, kwa mikono miwili, akanywa mbele ya wote, na akikataa maziwa amekataa nyumba. Umulisa alipiga funda moja. Meno yaliyoliwa na ndimu hayavumilii baridi. Uso ulimkunjamana, akayatema yote miguuni pa Kayitesi. Alitaka kueleza, lakini alibaki ameshika shavu, machozi yakimtoka. Kayitesi alifuta kiatu chake, akamuuliza polepole:

"Mama yako njo alikufundisha kutema maziwa? Basi, ng'ombe zetu zitabakia kwetu."

Mume wake, Papa Straton, akasimama, na wote wakatoka. Ntwari hakugeuka nyuma. Mpaka leo hajapiga simu.

Uliposikia posa imevunjika uliniandikia ukiwalaani, ukisema wana kiburi na walikuwa wanatafuta sababu. Hawakuitafuta, dada. Niliwapa mimi.

Nilijua, Dancille. Rangi ile imo ndani ya jino, hakuna anayeweza kuisugua ikatoka, na ndimu hula jino lenyewe. Nimeyasoma hayo zamani, nikayafundisha darasani miaka kumi na tano. Na maziwa nilijua yatakuja. Lakini walipofika mara ya kwanza kujitambulisha, Straton aliniambia mbele ya wanaume wote: "Wewe mwalimu, ng'ombe zako zote ziko za karatasi." Wakacheka. Straton peke yake ningemjibu, nimekwisha kuwajibu wakubwa kuliko yeye. Lakini Umulisa alikuwa anagawa chai, huyo niliyemlea tangu ulipokwenda huko machimboni Walikale, naye alicheka pamoja nao, mdomo wazi, bila kiganja. Wiki ile ile akaja kuniomba dawa.

Sikuombi msamaha, kwa sababu sijui kama najuta. Jana aliketi karibu nami akaniuliza kama angalau meno yamekuwa meupe. Nilimwambia yamekuwa meupe sana. Akanishukuru. Ni ya kahawia kama yako na yangu. Ukiwa na nguvu za safari, njoo umchukue. Akibaki hapa atazidi kuniuliza, nami nitazidi kumjibu.

Msalimie shemeji Valens na wote mnaosali pamoja. Mungu akulinde kwenye njia za machimbo.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Evode