Nywele za Wakesho

Garissa, Jumapili baada ya ibada

Mpenzi Mama Wakesho,

Pokea salamu zangu na za binti zako wawili. Kifua kinaendeleaje? Ile homa ya jioni imepungua, au bado inakurudia? Unakula? Niambie ukweli, usiniandikie ya kunituliza. Sisi huku ni wazima ila tumechoka, mimi hasa. Pampu ya maji ninayoihudumia imeharibika mara mbili mwezi huu, na kila kipuri hungoja msafara wa malori yenye askari mbele na nyuma, kwa sababu ya hao waasi wa shifta. Juzi lori moja lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Ndiyo maana siwezi kuwaleta watoto Taita kama ulivyotaka. Sitawapitisha barabara ile.

Lakini leo nataka kukuandikia habari ya nywele.

Ulisema niwanyoe wote wawili nipunguze kazi. Nilikubaliana nawe. Tangu uondoke nilikuwa nikivuta chanuo mara mbili tatu juu juu tu, nawafunga leso, najiona nimemaliza. Chini ya leso nywele za Wakesho zilikuwa zinagandamana. Unazijua zilivyo za kipilipili, zisipoguswa zinajifunga zenyewe. Kisogoni zilikuwa zimekuwa kama kipande cha blanketi. Basi Jumamosi moja nikakoroga sabuni, nikatoa wembe, nikamkalisha kwenye kigoda.

Akautazama ule wembe, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama amekufa?"

Nikamwambia hapana, nani kakwambia hivyo?

"Bibi mzaa baba alipokufa tulinyolewa wote."

Nikamweleza habari ya usafi, nikamweleza habari ya joto. Hakubishana nami. Aliniinamishia kichwa tu, machozi yakimdondokea magotini. Nikaenda kuchukua barua yako nimwonyeshe. Akasema huo si mwandiko wa mama, ni wa mjomba. Na ni kweli, ni wa kaka yako. Kwa hiyo nakuomba, hata kama mkono unatetemeka, mwandikie mstari mmoja wewe mwenyewe.

Wembe nikaurudisha. Nikashika chanuo, nikavuta. Alipiga kelele mpaka Halima akaja. Ni yule muuza maziwa wa nyumba ya pili, uliyemwacha ana mimba. Alijifungua mtoto wa kiume. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akanitazama.

"Walaal," akasema, ndivyo wanavyoita ndugu, "wewe navuta nywele kama kamba ya ngamia. Bole bole."

Akampa mdogo wake Wakesho, Mkawasi, mtoto amshike, akaketi. Aliomba maji ya vuguvugu na samli. Alilowesha fundo moja, akalipaka samli, akalifungua kwa vidole kabla ya kugusa chanuo. Kisha akaanza kuchana kwenye ncha, akirudi juu kidogo kidogo, na mkono wa pili umeshika nywele karibu na ngozi ili mvuto usifike kichwani. Mimi nilikuwa naanzia kwenye shina, Mama Wakesho. Miezi yote hiyo namuumiza mtoto na kumwambia avumilie.

"Nywele ya mama yangu ilikuwa hii hii," Halima akasema. Mama yake alikuwa wa wale wakulima wa kando ya mto.

Kazi ile ilimchukua alasiri mbili. Siku ya tatu akaanza kusuka. Alikuwa amemaliza upande wa kulia gari la kipaza sauti lilipopita, likitangaza kwamba Wasomali wote wa mtaa ule waingie kambini siku hiyo hiyo. Halima akafuta samli mikononi kwa nguo yake, akamchukua mtoto wake. "Kesho namaliza," akamwambia Wakesho, akaenda.

Kambi hiyo hukuikuta. Wamezungushia uwanja waya na miba, lango ni moja, na hutoki bila kibali. Wanasema ni ili shifta wasipate chakula kwa watu. Mifugo imebaki nje, na mingi imekufa. Halima na shifta wapi na wapi?

Wakesho alikaa siku nne kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Nilitaka kumfumua, akakataa. "Alisema atamaliza." Basi Alhamisi nilipotoka kazini nikamshika mkono tukaenda. Askari wa langoni akauliza kibali, sina. Nikamvua Wakesho leso. Askari alikitazama kile kichwa, naye alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kama mimi, akasema, "Kuingia hamwingii. Kuzunguka nyuma sikuwaona."

Tukazunguka. Mwanamke mmoja akatuitia Halima. Amekonda. Wakesho akaketi chini, mgongo kwenye ua, naye Halima akapitisha mikono katikati ya waya akaanza kusuka. Miba ilimchora mkono, hakujali. "Fundi, tazama kidole yangu," akaniambia, na ndivyo nilivyojifunza kushika nyuzi tatu na kuokota nyingine njiani. Nikamuuliza mbuzi. "Mbuzi kwisha." Nikamuuliza mtoto. "Naharisha."

Tulienda Alhamisi mbili zaidi, nikampelekea sukari na dawa ya tumbo. Kisha mkubwa wetu wa kazi akaniita ofisini. Mtu alikuwa amenisema.

"Wewe ni mtumishi wa serikali. Unapeleka nini pale kwenye ua?"

"Kichwa cha mtoto, bwana, kisukwe."

Hakucheka. Akasema nikionekana tena pale, kazi sina. Nikafikiria dawa zako, nikaacha kwenda. Sina fahari nalo, lakini nisingependa ulisikie kwa mwingine. Maji ya kambi yanatoka kwenye pampu yangu, na siku hizi ikisimama sikai chini mpaka izunguke.

Jumatatu dereva wa gari la maji akaniambia mtoto wa Halima amefariki. Nilikaa na habari hiyo siku nzima. Jioni nikaona nikimficha Wakesho, ataisikia shuleni, na hataniamini tena maisha yake yote. Nikamwambia kama ilivyo. Mkawasi hakuelewa. Wakesho akarudisha tonge sahanini, akauliza, "Na mama?"

"Mama yu hai. Anaumwa, lakini yu hai."

Alinitazama machoni. "Haya," akasema, akaendelea kula. Tangu siku ile hajaniuliza tena.

Jana nilimsuka peke yangu kwa mara ya kwanza, kichwa kizima, tangu chakula cha mchana mpaka jua likakaribia kuzama. Vidole vimekakamaa, hata kalamu naishika kwa shida. Nikampa kioo. Akageuza kichwa huku na huku.

"Mistari imepinda, baba."

"Najua."

"Lakini hukuniumiza."

Mkawasi nimemsuka mabutu manne, mawili yamefumuka kanisani.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dua zake tunazihitaji. Msalimie kaka yako anayetuandikia, na shangazi anayetulindia shamba. Hospitalini wasikilize wauguzi, usikimbilie kurudi kwenye kazi za shamba kabla hawajakuruhusu. Halima sijui nitamfikiaje. Dereva wa maji amekubali kumpelekea salamu zetu za pole, na hilo tu ndilo nililoweza.

Wakesho amesimama hapa begani kwangu, anasoma kila neno. Anataka nikuandikie kwamba ukija, usimfumue kabla hujaangalia vizuri kwanza, kwa sababu upande wa kushoto baba aliupatia.

Ni mimi mumeo akupendaye,
Baba Wakesho