Wifi Tuliyemsingizia Kifo cha Kaka

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa na plasta ya sindano mkononi, naomba unisaidie. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na mbili, na tangu utotoni sijamaliza miezi mitatu bila nimonia au masikio kutoa usaha, wateja wakaniita Bi Kifua nami nikacheka nao, kila zahanati vidonge vilevile, mpaka juzi daktari mmoja akaniuliza, "Kwenu nani mwingine huugua hivi?", akapima damu, akasema kinga yangu ya mwili ni pungufu tangu kuzaliwa, ni hali ya kurithi, haiambukizi. Hapo nikamkumbuka kaka yangu, aliyekufa kwa kifua miaka minane iliyopita, tukasema mbele ya ndugu wote kwamba mkewe ndiye aliyemletea ugonjwa, akaonyesha vipimo vyake safi tukasema kahonga maabara, na siku chache baada ya mazishi mimi ndiye niliyemfungasha virago, akasimama na mtoto mgongoni akaniambia, "Wifi, unakohoa kuliko marehemu, na wewe nimekuambukiza mimi?" Nikamfungia mlango. Sasa nasikia binti yao ana miaka tisa na kila mara hukosa shule kwa kifua, nimemwambia mama, akasema, "Mwanangu, ya kale hayanuki, unataka watu waseme ukoo wetu una damu mbovu?" Je, nimtii?

JIBU

Mama yako anaogopa maneno ya watu. Mjukuu wake anakosa pumzi. Pima mwenyewe kipi kizito.

Pole kwa miaka arobaini ya vidonge, na aibu kwa wote waliokutibu kifua bila kukuuliza habari za ndugu zako. Lakini usijifiche nyuma yao. Wifi yako, mjane wa siku chache, aliuliza swali lenye akili kuliko zahanati zote ulizopitia, nawe ukamfungia mlango kwa sababu jibu lingewagusa ninyi. Kumtii mzazi ni wajibu. Kumwacha mtoto azikwe ili jina la ukoo libaki safi ni ukatili, hata ukiuita heshima.

Mwombe daktari aandike barua kwamba mtoto huyo apimwe damu. Mpelekee wifi yako mwenyewe kesho, usimtume mtu. Usianze na "tusameheane". Anza na ugonjwa, jina lake, na siku ya kliniki. Akikutukana, sikiliza hadi amalize. Msamaha huenda usipewe, na ni haki yake kukunyima.

Mtoto akishapimwa, waite ndugu wote, mama akiwemo. Wifi yako mlimsingizia mbele yao. Msafishe mbele yao, kwa kinywa chako.