Vifaa vya Mgeni

Jumatatu, 14 Julai
Mwani umechemka tangu asubuhi. Tumeusaga, tumeuchuja. Vipande vya sabuni vya wiki iliyopita vimekauka vizuri, vinanukia mchaichai. Mgongo unaniuma. Jumanne ya wiki ijayo anakuja mkaguzi wa afya kazini. Akituridhia, hoteli za hapa Utende zitanunua sabuni yetu. Asipoturidhia, tutaendelea kuogea wenyewe.

Pili kalalamika tena. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na kwenye kikundi chetu cha sabuni ndiye fundi wa kuchanganya. Vidole vinambabuka kwa kostiki, ile dawa kali ya kugandishia sabuni. Anataka glavu na miwani ya kazi tuliyopewa na mradi unaotufadhili. Nimemkatalia. Vyote nimevifungia kwenye sanduku langu, pamoja na sahani za wageni. Mkaguzi akute vitu vipya, si matambara. Nani humwandalia mgeni sahani iliyopasuka? Pili kaguna, kaendelea kukoroga. Mwenyekiti ni mimi. Nikisema nimesema.

Alhamisi, 17 Julai
Kostiki imemrukia Pili jichoni. La kushoto.

Alikuwa anaimimina kwenye maji polepole, kama siku zote. Ikatokota, ikaruka. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Tukammwagia maji, ndoo baada ya ndoo, hadi kisima kikaanza kutoa tope. Bajaji hadi hospitali ya Kilindoni, kichwa chake mapajani mwangu. Kanga yangu yote imelowa.

Sanduku liko chumbani kwangu. Kutoka pale jikoni ni hatua hamsini. Nimerudi nikazihesabu.

Ijumaa, 18 Julai
Daktari kauliza kama tuna miwani ya kazi. Nikajibu hatuna. Limetoka lenyewe, kabla sijafikiri. Pili kalala pale pale. Jicho limefungwa bandeji, masikio hayakufungwa. Kageukia ukutani.

Mwongo mimi. Mwongo, tena bahili wa vitu visivyo vyangu.

Jumapili, 20 Julai
Jicho limekuwa jeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Wamesema apelekwe Dar. Nilitaka kwenda naye. Pili akasema aende kaka yake, mume wangu. Hakunitazama. Wameondoka kwa boti ya Nyamisati.

Nimeswali, nikashindwa kuomba dua. Nimwambie nini Mungu? Aliniona nikifunga kufuli.

Naogopa. Naogopa sana. Mchana nilijaribu kupika nikiwa nimefumba jicho moja, nijue ikoje. Nimejikata kidole. Wali nimeuacha.

Jumanne, 22 Julai
Mkaguzi kaja. Nilikuwa nimeshatundika glavu na miwani kwenye misumari, safu moja. Bado vina harufu ya dukani. Kafurahi. Kasema vikundi vingine vijifunze kwetu. Kisha kauliza kama kuna aliyewahi kuumia kazini.

Wenzangu sita wakaangalia miguu yao. Nikasema, alhamdulillahi, hakuna.

Katia sahihi karatasi ya kutupitisha, kanikabidhi. Kaondoka. Bi Mkasi, mkubwa wetu sote kwa umri, hajawahi kunipandishia sauti, na leo hakuipandisha. Kauliza tu, "Hiyo karatasi, mwanangu, utaibandika wapi Pili asiione?"

Karatasi nimeikunja, nimeitia sandukuni. Siku niliyoingoja mwaka mzima, na karatasi yake sina pa kuibandika.

Jumatano, 23 Julai
Mume wangu kapiga simu. Jicho halitaona tena.

Alikuwa amechoka, ananipa pole mimi. Sikuweza kuipokea. Nikamweleza habari ya sanduku. Kakata simu.

Nikampigia mkaguzi. Nikamwambia yote, na lile nililomjibu daktari. Kasema kazi isimame, karatasi yake irudi, atakuja upya na kila mwanakikundi atahojiwa peke yake. Nimewaita wenzangu nikawaambia. Wawili wameondoka bila salamu. Biashara ya hoteli ndiyo imeshakwenda hivyo.

Nilidhani nikisema kweli moyo utapoa. Haujapoa hata kidogo. Jicho la watu limezimika, na mimi natafuta kupoa.

Jumatatu, 28 Julai
Mume wangu karudi, kamwacha Pili hospitali Dar. Anazungumza nami ya lazima tu. Chumvi, maji, funguo. Stahili yangu.

Jumamosi, 2 Agosti
Pili karudi juzi. Leo nimejikaza nikaenda kwake. Nimemwambia kwa kinywa changu, ingawa anajua. Kwamba ni mimi. Kwamba nilimdanganya daktari yeye akisikia. Sikutafuta kisingizio.

Kasikiliza hadi mwisho. Kasema, "Wifi, ningekuwa mwenyekiti mimi, na mimi ningevificha."

Bora angenitukana. Nimelia hadi kamasi. Kaniacha nilie.

Kisha kachukua birika animiminie chai. Kamimina pembeni ya kikombe, mkekani. Sote wawili tukaitazama ikinywea. Kashika ukingo wa kikombe kwa kidole, kaegemeza mdomo wa birika hapo hapo, kajaribu tena. Mkono wangu ulitaka kwenda kumshikia. Nikaukalia.

Kikombe kilijaa nusu. Nimekinywa chote.