Makala Saba

Winnipeg, 9 Mei

Kwako Dada Thorunn,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti la Mama limepata nafuu sasa barafu ya ziwani imeyeyuka. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na sioni dawa.

Kadi yenu na keki nimezipata. Keki nimewapa wanafunzi. Uliniuliza kwenye simu mbona naongea kama niliyefiwa, ilhali nimebakizwa chuoni. Nitakueleza, ila isome ukiwa peke yako.

Mwaka jana Mkuu wa Kitivo alitangaza kwamba kila mtafiti atapimwa kwa idadi ya mara ambazo makala zake zimenukuliwa na wengine. Akatutia wote kwenye jedwali moja: watu wa saratani, watu wa kompyuta, na sisi wawili tunaochunguza kuvumwani, yale magamba ya kijivu yanayoota kwenye mawe na magome ya miti, mimi na Oksana Hrynchuk. Mtu wa saratani hunukuliwa mara mia kabla hajamaliza kahawa yake. Kuvumwani inasomwa na watu thelathini dunia nzima, na nusu yao wamestaafu. Oksana alimwambia Mkuu usoni kwamba huko ni kuwashindanisha mbio farasi na konokono, halafu kumlaumu konokono. Mkuu akajibu kuwa jedwali halina upendeleo, na atakayekuwa wa mwisho ifikapo Machi hataongezewa mkataba.

Kwa hiyo ikawa ni mimi au yeye. Mwezi Novemba alikuwa na arobaini na moja, mimi arobaini.

Nawe unamjua Oksana. Ndiye aliyeniletea supu ya kabichi kila siku nilipolazwa, akanitukana hadi nikaimaliza.

Majira hayo alikuwa amepeleka jaridani kazi yake ya miaka tisa. Kwetu makala haichapwi mpaka mtaalamu mwingine aisome na kuipitisha kwa siri, mwandishi asimjue. Siku moja mchana akaja mezani anacheka, akasema mhakiki wake kagoma kuipitisha mpaka anukuu makala saba za kwangu. “Wewe bwana, una shabiki huko! Tano hazihusiani na kazi yangu ndewe wala sikio, lakini nifanyeje? Nitazitia. Afadhali ni zako.” Nami nikacheka naye. Nilicheka, Dada.

Makala ikatoka Februari. Jedwali lilipofungwa nilikuwa na arobaini na saba, naye palepale kwenye arobaini na moja.

Jana alikuja kuniaga. Anakwenda Dauphin kwa kaka yake, kuuza vipuri vya matrekta. Ana miaka hamsini na mbili, na hakuna chuo kitakachomchukua. Alisema hana kinyongo, kwamba bora nimebaki mimi kuliko kuvumwani ikose mtu kabisa. Akanikabidhi nakala ya makala yake, akaniambia nikimjua yule shabiki, nimpe salamu.

Shabiki huyo ni mimi. Jarida lilinitumia makala bila jina la mwandishi, nami nikamtambua kwenye sentensi ya kwanza. Ningeweza kuirudisha siku ileile, nikasema si haki nimhakiki mshindani wangu. Badala yake nikaandika orodha, moja hadi saba, nikijua kila nambari inamtoa yeye na kunibakiza mimi.

Sikumwambia. Nilimbebea maboksi hadi kwenye gari. Najiambia nikikiri nitafukuzwa na yeye hatarudishwa, kwani nafasi yake wameshapewa watu wa kompyuta. Ni kweli, lakini najua pia kuwa ni woga.

Alipoondoka nilifungua ile nakala ukurasa wa mwisho, pale ambapo kwa desturi yetu mwandishi hutoa shukrani. Amemshukuru kaka yake. Kisha amemshukuru mhakiki asiyemjua jina, kwa kuisoma kazi yake kwa uangalifu.

Msalimie shemeji. Mama mwambie lolote utakaloona linafaa, ila usimwambie tena kwamba nilishinda.

Ni mimi mdogo wako,
Hallgrim