Kamera ya Getini

Nkende, Tarime
2 Aprili

Kwako dada Waisiko,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeshuka kitandani, umekunywa hata uji, na wanao Nyangi na Emanuel wamelala bila kushtuka. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu ungeikata kabla sijamaliza.

Leo ni siku ya kumi na saba tangu tumzike shemeji Kisyeri. Huko Itiryo mliambiwa wezi wa ng'ombe walimuua wakamtupa korongoni. Dada, si wezi.

Unajua ukoo wetu ulivyonicheka nilipokuwa fundi redio. Ada ya shule sikupewa na mtu. Ni mumeo tu aliyeuza dume akaninunulia kompyuta ya kwanza, akasema nitamlipa kwa kumfundisha kuandika jina lake. Kwa kompyuta ile nilijifunza mwenyewe hadi nikapata kazi kwenye kambi moja ya watalii karibu na Robanda, kutunza mashine mbili zinazohifadhi picha za kamera.

Wiki iliyopita msimamizi wa kambi, Ezekiel, aliniita. Polisi walikuwa wanataka picha za tarehe 14 Machi. Akaniambia mashine ya kwanza imefutika kwa bahati mbaya, na ya pili ilikufa zamani, kompyuta ya ofisi haiioni kabisa. Alitaka niandike tu kwamba imekufa, niipakie, niondoke nayo. Nilipomwambia kwamba maiti hupimwa kwanza, akanicheka, akasema fundi redio nimegeuka daktari.

Nikachomeka kioo na kibodi kwenye ile ya pili, nikaandika amri ya kuonyesha anwani za mtandao. Mashine ilikuwa hai. Anwani yake inaishia na 21, sawa. Lakini mbele yake, penye namba inayosema mtandao una upana gani, palitakiwa 24, na pameandikwa 30. Ile 30 ni kama boma dogo: ndani yake wanatosha wawili tu, 21 mwenyewe na 22. Ofisi ni 57, iko nje ya boma, ndiyo maana ilidhani mwenzake amekufa. Nikaituma mashine iite 57: kimya. Nikaituma iite 22: ikajibiwa mara nne kwa nne. Na 22 ni kamera ya getini.

Kosa hilo la 30 ni langu. Nililiandika kwa mkono wangu tarehe 14 hiyohiyo asubuhi, nilipokuwa naipangia upya anwani mashine hiyo. Ezekiel alifuta alichokiona. Hiki hakukiona.

Sasa kaa chini, dada.

Kisyeri alifuata nyayo siku mbili, akawapata ng'ombe wake, akawa anawarudisha. Desturi unaijua: ukiingia kijiji cha watu na nyayo, unapiga yowe mwenyewe, wajue unafuata nini. Yeye aliona ng'ombe ameshapata, yowe la nini tena? Akapita kimya, mgeni anayeswaga ng'ombe sita mbiombio. Mlinzi wa kambi akalipiga yeye, akidhani ni mwizi. Watu wakatoka mashambani, na wafanyakazi wa kambi wakatoka, Ezekiel mbele na chuma cha kigingi cha hema.

Picha haina sauti. Saa saba na dakika ishirini wanamwangusha. Ezekiel anampiga mdomoni, meno yanaruka. Wa nne anamvunja goti kwa jiwe. Kila mwanaume aliyefika anapiga mara moja, ili damu isimkalie mtu mmoja, na asiyepiga anaitwa mwenzake na mwizi. Nimehesabu mara tatu: watu ishirini na sita.

Ezekiel alipoona nahesabu alinishika koo. Bado nina alama. Nikambamiza kichwa ukutani, nikarekebisha ile 30 ikawa 24, nikachukua nakala mbili. Moja iko kwa askari mpelelezi, nyingine kwa mchungaji Erasto. Tafadhali usiiombe.

Mazishini, waliposema ng'ombe walikuwa sita na mmoja amevunjika pembe ya kushoto, niliweka koleo chini. Ulidhani ni majonzi. Mimi nilikuwa nimemwona ng'ombe huyo.

Wa kumi na moja ni mimi, dada. Nilisikia yowe nikatoka mbio kama wengine, nikapewa rungu. Uso wake ulikuwa tope na damu, sikumjua. Alininyooshea mkono, nikadhani anataka kunivuta mguu, nikampiga kisogoni. Kwenye picha inaonekana vizuri: kumi wa kwanza hakuwanyooshea mkono. Mimi alinijua.

Kesho saa mbili asubuhi nakwenda mwenyewe kituoni. Kompyuta ile ya dume mchukulie Emanuel, au ichome. Wasalimie watoto, kama bado utapenda wasikie salamu zangu. Usipojibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Nashoni