Mshale wa Mkaidi

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kazi zinaendaje huko gereji kwenu, na kile kikohozi kimekwisha? Mimi sijambo. Mgongo tu unanikumbusha umri wangu, nami nauambia unyamaze.

Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei tangu niliposema gari haliuzwi. Sawa. Karatasi haina kitufe cha kukata.

Mkaidi amewaka! Lile lile gari alilounga marehemu baba yako: bodi ya zamani kuliko wewe, giaboksi ya pikapu, na mlango alioushusha ili dada yangu aingie bila kupandisha magoti. Linanguruma uani mpaka majirani wanafunga madirisha. Viti nimevishona mwenyewe, leseni ninayo. Kimebaki kitu kimoja. Mkaguzi alikaa pembeni yangu tukazunguka mtaa, na mshale wa mwendo ukawa unaruka kutoka ishirini hadi themanini kama panzi, huku nyuma ya dashibodi kitu kinalia. Akashuka akasema gari lisilojua mwendo wake haliendi barabarani. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Wewe ni fundi, niambie nianzie wapi. Nataka kwenda kumchukua mama yako mkubwa. Tangu ashindwe kupanda basi hajatoka nje ya ile nyumba, nami nimechoka kumsalimia kwa simu.

Wako,
Mama

*

Tarehe 12 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha.

Kwa hilo la gari, nisamehe, sikufundishi. Nimeambiwa unalala chini yake mchana kweupe, miguu nje, na watu wanasimama kutazama. Mama, wewe ni mshonaji. Wateja wako watasemaje?

Na nikuambie ukweli. Silipendi gari lile. Lilimla baba. Kila nilipokuja nyumbani nilisalimiana na viatu vyake, maana mwili wake uliobaki ulikuwa chini ya gari. Sitaki kuja nisalimiane na vyako.

Kadi ya gari ina jina langu, Baba aliliandika mwenyewe. Nimepata mnunuzi, anakusanya magari ya zamani. Nitakuja naye tarehe 29 na gari la kulivuta hilo. Tafadhali fungua geti pande zote mbili, na ule upande uliokwama uupake grisi.

Usinikasirikie.

Mwanao

*

Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nashukuru kusikia kikohozi kimepona, maana sasa huna kisingizio cha kutonisikiliza.

Nimekukasirikia. Baba yako aliuawa na figo, si na gari. Gari ndilo lililomtoa kitandani. Asubuhi ambazo hakuweza hata kumeza uji, alikuwa anaweza kushika spana. Wewe uliviona viatu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo pembeni, nampa nati, na chini kule alikuwa anaimba. Kwa hiyo usiniambie lilimla nani.

Wateja wangu wanasema hivi: "Mama, gauni langu lisinuke petroli." Basi. Hakuna lingine.

Sasa nisikilize. Nimefungua dashibodi, nikachomoa nyuma ya mita ile kebo inayoleta mwendo kutoka kwenye giaboksi. Nikainua gurudumu la nyuma kwa jeki, gia nikaiweka huru, nikalizungusha kwa mkono. Ule waya wa ndani ukazunguka vizuri mpaka juu. Kwa hiyo giaboksi haina kosa, na kile kijigia kidogo alichokibadilisha baba yako kinashikana meno kama alivyotaka. Nikachomeka kipande cha waya kwenye kile kitobo cha mraba nyuma ya mita, nikakizungusha, mshale ukanyanyuka polepole na kurudi. Mita nayo haina kosa. Imebaki kebo yenyewe. Nimeitia oili ya cherehani mpaka ikachuruzika, lakini nikiliendesha gari uani mshale bado unaruka na kebo bado inalia.

Kama hutaki kumjibu mama yako, mjibu fundi mwenzako.

Na geti sifungui.

Mama

*

Tarehe 24 Machi

Shikamoo Mama,

Habari za nyumbani? Mgongo unaendeleaje?

Nilikusudia nisijibu. Lakini tangu barua yako ifike, kebo yako inanizunguka kichwani. Juzi nilimfungia mteja chujio la oili, nikamrudishia gari bila kutia oili mpya. Msimamizi amenikaripia mbele ya watu wote. Furahi.

Umepima vizuri. Nami nisingepima vingine.

Sasa ile oili ya cherehani iondoe. Ni nyepesi mno, na ikipanda mpaka kwenye mita itaiharibu. Chomoa waya wote, ufute mpaka uwe mkavu, kisha uuviringishe juu ya meza ile ya kukatia vitambaa. Ukiviringika sawasawa, umenyooka. Ukirukaruka, umepinda na haufai. Ukiwa mzima upake grisi kiasi cha kuteleza tu, na kipande cha juu kinachoingia kwenye mita ukiache bila kitu.

Halafu nijibu hili: kebo umeipitisha wapi? Mama, nakujua. Sare zangu za shule ndizo pekee darasani zilizokuwa hazionyeshi hata uzi mmoja. Usiniambie kebo nayo umeificha.

Lakini tusidanganyane. Tarehe 29 nakuja na mnunuzi, nimeshamwahidi mtu mzima. Kumjibu fundi si kubadili mawazo.

Mwanao

*

Tarehe 29 Machi
(Imebanwa kwenye komeo la geti)

Mwanangu,

Karibu nyumbani. Pole na safari. Mpe pole na mnunuzi, maji ya kunywa yako kwenye mtungi, na ufunguo wa mlango uko kwa jirani. Wali uko jikoni, umefunikwa.

Waya niliuviringisha mezani. Ulinyooka kama rula. Ndipo nikakaa sakafuni na barua yako, nikacheka peke yangu. Ndiyo, kebo nilikuwa nimeificha. Niliilaza pembeni mwa sakafu ya gari, nikaibana kwa vibanio, na pale kwenye kona nikaikunja kabisa kama pindo, nikashonea zulia juu. Fundi gani anaacha uzi unaning'inia? Kumbe pale kwenye kona ndipo waya ulikuwa unakwama, unajikaza, kisha unaruka.

Nimefumua zulia lote. Kebo sasa inapita hewani, imejipinda taratibu kwa duara kubwa, kila mtu anaiona. Inachukiza kuitazama. Lakini mshale umetulia. Nikitaka arobaini unakaa arobaini, na hakuna kinacholia. Mkaguzi jana alikaa pembeni yangu mpaka nje ya mji na kurudi. Aliposhuka alinipa kibali, akauliza nani aliyenitengenezea. Nikamwambia ni mume wangu, na mwanangu, na mimi.

Najua kadi ina jina lako. Hilo utalizungumza nami ana kwa ana. Huyo bwana mwambie hakuna cha kuvuta hapa. Pale uani pamebaki doa la oili tu, akilitaka alichukue.

Nimeondoka alfajiri kwenda kwa mama yako mkubwa. Nilimwambia kwenye simu, hakuamini. Alisema nisimtanie, lakini nilisikia anamwuliza mtu viatu vyake viko wapi.

Usiogope, mwanangu. Najua mwendo wangu, nautazama kila dakika.

Geti nimelifungua pande zote mbili kama ulivyoagiza, na ule upande uliokwama nimeupaka grisi. Usilifunge. Tutarudi kabla ya jua kuzama, na mama yako mkubwa hapendi kusubirishwa nje.

Mama yako