Mwanamfalme Aliyefundisha Jiografia

Baba mpenzi,

Tangu tukuzike hapa Richmond Hill, nje kidogo ya Toronto, watu wananiandikia pole ndefu wakiusifu upole wako. Upole! Nimewajibu wote kwa ukali kwamba hawakukujua.

Mimi nakumbuka majira yako ya kwanza ya baridi hapa Toronto. Ulikuwa umestaafu ualimu mkuu Tanga, Mama ametangulia mbele ya haki, nami nikakuleta ukae nami nyumbani kwangu Thornhill. Kila asubuhi ulivaa suti na tai, ukakaa dirishani kama unayesubiri wazazi wa wanafunzi watoro. Msikitini wakakuomba uwafundishe watoto siku za Jumapili. Ukachukia. "Mimi nishike darasa la vidudu? Nilikuwa na walimu chini yangu!" Ukaanza kuulizia tiketi ya kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nilijua ukipanda ndege ile, sitakuona tena.

Ijumaa moja tulikuwa tunakula pilau kwenye sinia moja, kama ulivyotulea, na mimi nimewaka. Nilikuwa naandika makala ya kuwaponda wafalme wa dunia nzima. Nikakusimulia habari za yule kijana wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa aliyejiunga na mapinduzi, akapigana upande wa jamhuri, kisha mambo yalipomgeukia akalitoroka jeshi. Akaishia Uswisi, katika shule moja ya milimani, akifundisha kwa jina la uongo.

"Kigeugeu!" nikasema. "Na baadaye akarudi kuwa mfalme!"

Hukunisikia. Tonge lilikuwa limekwama hewani.

"Alifundisha somo gani?"

"Baba, mada ni usaliti."

"Nimekuuliza somo."

"Hesabu. Lugha. Jiografia."

"Jiografia!" Ukacheka mpaka ukakohoa. "Damu ya kifalme inawaonyesha watoto mito kwenye ramani, na mimi wa Tanga nimekaa hapa na tai! Kula wewe, wali unapoa."

Jumapili ukaniamuru nitoe gari twende msikitini. Hukutaka kuitwa Mwalimu Mkuu. Uliwaambia watoto kwamba unaitwa Bwana Pangani na kwamba umejificha, wasimwambie mtu. Wakaamini wote. Ukiwauliza mto Rufiji unamwaga maji wapi, walijibu kwa Kiingereza, nawe ukajifanya kiziwi mpaka Kiswahili kiwatoke. Wazazi wakaja kuniuliza kwa kunong'ona ni nani hasa ninayemficha nyumbani. Tiketi haikutajwa tena. Ukakaa miaka mingi, Baba, na kila Ijumaa ukanipinga.

Na bado nakupinga. Mtu kushika chaki kidogo hakuhalalishi ufalme. Yule kijana angebaki shuleni, ningemsamehe.

Sasa darasa lako wamenipa mimi. Jumapili iliyopita niliingia, nikawaeleza watoto kwa nini hakuna anayezaliwa mkubwa kuliko mwenzake. Nadhani nilipiga meza. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza, kwa Kiswahili safi kabisa:

"Anti, hata nyumbani unagombana hivi?"

"Ndiyo. Nilikuwa na mtu wa kunijibu."

Akanyoosha mkono.

"Basi mimi sikubali," akasema. "Dada yangu alizaliwa mkubwa kuliko mimi, na chumba kizuri ni chake."

Pumzika, Baba. Nina wiki nzima ya kutafuta jibu.

Binti yako mbishi